Mtumba: Nyumba za Chini Zilizoihamisha Serikali

Ofisi za kwanza za wizara pale Mtumba ni nyumba za chini. Hazina lifti, hazina ngazi za kupandia kwa mbwembwe, na mtu aliyezoea picha za Brasília au Abuja anaweza kuzipita kwa gari akidhani ni chuo cha ualimu. Hata hivyo, mimi naona hakuna majengo ya serikali mkoani Dodoma yaliyofanya kazi kubwa kuliko hayo. Ramani nzuri zaidi zilikaa kabatini miongo minne. Nyumba hizi za chini ziliwatoa makatibu wakuu Dar es Salaam pamoja na mafaili yao.

Kisa chenyewe ni hiki. Oktoba 1973 TANU iliamua makao makuu ya nchi yahamie Dodoma, na muda uliowekwa ulikuwa miaka kumi. Miaka 43 baadaye, Julai 2016, ukiiondoa TAMISEMI na ofisi chache, wizara bado zilikuwa Dar es Salaam. Kisha mambo yakaenda mbio: Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihamia Septemba 2016, Makamu wa Rais Samia Suluhu Hassan Desemba 2017, Aprili 2019 Mji wa Serikali ukazinduliwa Mtumba, na Oktoba mwaka huohuo Rais John Magufuli naye akahamia Chamwino. Miaka mitatu ilifanya kilichoshindikana kwa 43.

Ukimwuliza mtu yeyote kijiweni kilichobadilika ni nini, atakujibu: amri ya Magufuli. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi. Amri ilikuwapo tangu enzi za Mwalimu, tena ilitolewa na chama kilichoshika hatamu zote na kikarithiwa na chama kilichoshika hatamu hizohizo. Amri ikishatolewa, mkurugenzi wa wizara anauliza swali moja la kawaida kabisa: nitakaa wapi? Uchambuzi huu unafuata swali hilo, maana ndani yake mna historia ya majengo ambayo haisimuliwi sana.

Ramani ya 1976

Uamuzi wa 1973 haukuwa wa sauti moja kama tunavyousimulia siku hizi. TANU iliwauliza wanachama kupitia matawi: matawi 1,017 kati ya 1,859 yalikubali, 842 yakakataa. Walioshinda walikuwa na sababu za maana. Dodoma iko karibu na kitovu cha nchi. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam 1905, ilishapita hapa, na barabara kuu ya kutoka kaskazini kwenda kusini inaikata. Dar es Salaam ilikuwa inavimba na kuvuta kila kitu pwani. Tena siasa ya Ujamaa ilitaka mji mkuu uliozungukwa na wakulima. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameshaonyesha njia kwa kukaa na kufanya kazi na wanakijiji wa Chamwino.

Ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo Dodoma nzima iliijua kwa herufi tatu tu, CDA, chini ya George Kahama kama mkurugenzi mkuu. Kazi ya kuchora mji ikapewa kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Mpango kabambe wao ulikamilika 1976.

Ninakaa kidogo kwenye mpango huo kwa sababu ulikuwa mzuri, na uzuri wake ni sehemu ya tatizo. Miji mikuu mipya ya wakati ule ilipenda kujionyesha. Brasília, iliyojengwa 1956 hadi 1960, ilikuwa na mhimili mkubwa, majumba meupe na viwanja ambavyo mtu kwa miguu anajiona mdogo. Waliochora Dodoma walikataa mtindo huo. Mji wao ulikuwa wa kutembea. Ungejengwa kwa mitaa ya watu 7,000 hivi, minne ikiunganishwa kuwa jumuiya ya watu 28,000, kila jumuiya na shule, soko na zahanati yake karibu. Jumuiya hizo zingefungamanishwa na njia maalumu ya mabasi, miongo kadhaa kabla ya mwendokasi wa Dar es Salaam. Katikati ya jumuiya yangeachwa mashamba na maeneo ya miti. Majengo yangefuata miinuko ya vilima badala ya kushindana navyo. Katikati ya yote ungekaa moyo wa serikali, lakini moyo wa kimo cha wastani, unaofikika kwa miguu kutoka kituo cha basi.

Watu waliotarajiwa walikuwa 350,000 hivi kufikia mwisho wa karne. Wakati mpango unachorwa mji ulikuwa na wakazi wapatao 45,000.

Wazo la mji wa chini lilikaa vizuri na ardhi hii. Nyumba ya asili ya Mgogo ni tembe: ndefu, fupi kwa kimo, paa bapa la miti na udongo, vyumba vikilizunguka zizi. Mvua za Dodoma ni milimita 550 hadi 600 tu kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili, kwa hiyo paa bapa halikuwa upumbavu. Upepo wa kiangazi ni mkali na una vumbi, kwa hiyo kimo kifupi na ua uliozungushiwa kuta vilikuwa akili. Tena nchi hii hutikisika mara kwa mara, kwa kuwa iko pembeni mwa Bonde la Ufa. Sidai kwamba wachoraji wa Toronto walisoma kwa wajenzi wa tembe. Ninachosema ni kwamba mantiki zao zilikutana: jenga chini, jenga karibukaribu, kinga upepo, acha kivuli.

Miaka ya kungoja

Sababu za kukwama kwa mpango zimesimuliwa sana, basi nizipite upesi. Bei ya mafuta ilipanda 1973, ukame ukafuata, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, vita vya Kagera vikaja 1978 na 1979, kisha masharti ya kubana matumizi ya miaka ya 1980. Hakuna hazina ambayo ingepita katika hayo yote huku ikijenga mji mkuu.

Lakini umaskini peke yake hauelezi. Fedha ziliporudi kidogo, wizara hazikuhama. Na katikati ya dhiki hiyo CDA haikulala: ilipima viwanja, ikajenga nyumba, ikachonga barabara, ikapanda miti. Area C na Area D, majina yasiyo na ladha ambayo wakazi wameyazoea kama majina ya mababu, ni matunda ya upimaji huo. Kilichokosekana ni kile kiini, ofisi za serikali, na kilikosekana kwa sababu kilikuwa kimefungwa fungu moja. Moyo wa mji ulichorwa kama kitu kimoja kizima: wizara, Bunge, viwanja vya sherehe, njia, maegesho, vyote vikitegemeana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni nyingine, Conklin & Rossant ya New York, ilipewa kazi ya kuuchora moyo huo kwa undani zaidi. Ikatoa michoro ya kupendeza. Kwa hiyo serikali isiyoweza kulipia ramani ya kwanza ikawa na ramani ya pili, nzuri zaidi na ghali zaidi.

Hapo ndipo mtego ulipo. Ramani ya kitu kizima haiwezi kuanzwa kwa robo. Wizara ya Kilimo haihami peke yake kwenda kukaa pembeni mwa uwanja wa sherehe ambao haujachimbwa msingi. Kila katibu mkuu alikuwa na udhuru safi, tena wa kizalendo: tuko tayari, tunangoja jengo. Na jengo lilikuwa linangoja fedha za mji wote.

Wakati huohuo CDA, iliyokabidhiwa ardhi ya mji, ilikuwa ikiwapangisha wananchi viwanja kwa miaka 33, badala ya hati ya miaka 99 ambayo Mtanzania wa mji mwingine aliipata. Kwa mwenye nyumba hilo lilikuwa donda. Benki huangalia miaka iliyobaki kwenye hati, na mtu hajengi ghorofa kwenye ardhi atakayoulizwa kuirudisha kabla mjukuu hajamaliza shule. Mji uliokusudiwa kuwa mfano wa taifa ukawa na ardhi isiyomtuliza mtu, kwa jina la serikali ambayo yenyewe haijahamia.

Watu hata hivyo walikuja. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 410,956 katika Manispaa ya Dodoma, vijiji vya pembezoni vikiwamo. Yale makadirio ya Toronto yalikuwa yametimia na kupitilizwa bila wizara. Biashara, vyuo, reli, barabara na mikutano ya chama viliujaza mji ambao serikali ilisema haujawa tayari.

Bunge lilikuja kama mgeni

Kuna mhimili mmoja uliohama mapema, nao ndio unaonifanya niamini kwamba shida ilikuwa namna ya kufikiri kuhusu jengo. Tangu uhuru Bunge lilikutana Dar es Salaam katika ukumbi wa Karimjee, uliorithiwa kutoka Baraza la Kutunga Sheria la wakoloni. Mwaka 1996 vikao vikahamishiwa Dodoma.

Hapakuwa na ukumbi mpya wa kulipokea. Bunge liliingia kwenye ukumbi ambao leo tunauita Ukumbi wa Pius Msekwa, kwa jina la Spika wa wakati ule, likakaa humo miaka kumi. Lilikaa kama mgeni anayelala sebuleni, na sebuleni humohumo likapitisha bajeti za nchi. Ukumbi wa sasa ulifunguliwa Juni 2006, Jakaya Kikwete akiwa Rais na Samuel Sitta akiwa Spika. Yaani taasisi ilitangulia, jengo likafuata miaka kumi baadaye, likiwa limebanwa na mahitaji yanayojulikana: wabunge wangapi, kamati ngapi, waandishi wangapi, wageni wangapi wa kila siku.

Kuhusu usanifu wa ukumbi huo nina neno. Umbo lake la mviringo na paa lake vinamkumbusha mtazamaji nyumba ya msonge, na wengi huusifu kwa Uafrika huo. Sina ugomvi na msonge. Lakini Ugogoni hakujengwi msonge, kunajengwa tembe. Jengo linaitambulisha Tanzania kwa wageni kuliko linavyoitambua Dodoma iliyolibeba. Ndani, mviringo unafaa kazi: Spika anaonwa na kila kiti. Lakini mviringo una adabu zake. Hauongezeki kwa urahisi. Mwaka 2014, Bunge Maalumu la Katiba lenye wajumbe zaidi ya 600 lilipokutana humo, viti vililazimika kupangwa upya na nafasi kubanwa. Siku hizi wabunge wenyewe wanakaribia 400. Jengo la pembe nne lenye ua lingeweza kurefushwa upande mmoja, kama mzee anavyoongeza chumba kwenye tembe kijana wake akioa.

Turudi kwenye kisa. Bunge kukaa Dodoma huku wizara ziko Dar es Salaam kulizaa maisha ya ajabu. Kila msimu wa bajeti, mawaziri, makatibu wakuu, wakurugenzi, maofisa wa mipango, makatibu muhtasi na madereva walimiminika Dodoma. Maswali ya wabunge yalihitaji majibu, majibu yalihitaji takwimu, na takwimu zilikuwa kwenye masijala kilomita 450 mashariki. Magari ya serikali yalipishana Gairo na Morogoro yakibeba makabrasha. Nyumba za wageni zilijaa, posho za kujikimu zikalipwa, halafu kikao kilipokwisha mji ukatulia ghafla, wenye migahawa wakaanza kuhesabu siku hadi kikao kijacho.

Utaratibu huo ulikuwa ghali kwa serikali, lakini kwa mtumishi mmojammoja haukuwa mbaya hata kidogo. Alikuwa na nyumba Dar es Salaam, watoto shuleni Dar es Salaam, na miezi kadhaa ya masurufu Dodoma. Hii ndiyo sababu ambayo ripoti rasmi huizungushia maneno: kungoja jumba kubwa kulikuwa na wafaidika. Kadiri ramani ilivyokuwa ya fahari, ndivyo kungoja kulivyoonekana kuwa na busara.

Mwisho wa 2018

Magufuli alipotangaza Julai 2016 kwamba serikali itahama, wizara zilipata pigo la kwanza kwa kutoelezwa zitajengewa nini. Zilielezwa tu zihame. Zikaenda kutafuta hifadhi. Nyingi ziliangukia Chuo Kikuu cha Dodoma, ambacho majengo yake mengi yalikuwa yameinuliwa kwa fedha za mifuko ya pensheni baada ya chuo kuanzishwa 2007. Madarasa na ofisi za wahadhiri zikageuka ofisi za wizara. Nyingine zilipanga kwenye majengo ya mjini. Haikuwa raha, lakini udhuru wa miaka 43 ulikufa hapo: ilionekana kwamba wizara inaweza kufanya kazi Dodoma bila jengo lake.

Mwaka uliofuata, Mei 2017, CDA ilivunjwa, majukumu yake yakapelekwa kwa halmashauri, na serikali ikaahidi hati za miaka 99. Aprili 2018, kwenye sherehe za Muungano, Dodoma ikatangazwa kuwa jiji. Septemba mwaka huo Bunge likapitisha sheria ya kuitambua Dodoma kuwa makao makuu ya nchi. Fikiria hilo: kwa miaka 45 jambo lote liliegemea uamuzi wa chama na matamko, na rais yeyote angeweza kulirudisha nyuma kwa hotuba moja.

Ndipo likaja jengo. Mwishoni mwa 2018 kila wizara ilipewa shilingi bilioni 1 na kiwanja Mtumba, kilomita kama 17 kutoka katikati ya mji kwa barabara ya Dar es Salaam, ndani ya eneo la zaidi ya ekari 1,500. Maelekezo yalikuwa: jenga ofisi ya kuanzia, haraka. Wakandarasi wakawa zaidi wa serikali yenyewe, kama Wakala wa Majengo na Suma JKT. Tarehe 13 Aprili 2019 mji ukazinduliwa.

Mtu wa ujenzi ataona mara moja kwa nini iliwezekana. Nyumba ya chini haihitaji winchi, haihitaji lifti iliyoagizwa ng'ambo, na haingojei zege la ghorofa likomae kabla fundi hajapanda juu. Msingi, kuta, linta, kupaua, plasta: kila fundi nchini anaijua kazi hiyo, na vifaa vyake vinapatikana kwenye maduka ya Dodoma na Dar es Salaam. Ukizijenga ofisi nyingi za namna hiyo kwa pamoja, vikosi vinaweza kuhama kutoka kiwanja kimoja kwenda kingine. Ukichelewa upande mmoja, huuchelewishi mwingine, kwa kuwa hakuna jengo linalotegemea jengo. Ramani za zamani zilikosa sifa hiyo.

Na bilioni moja kwa kila wizara, kubwa kwa ndogo, ilifanya jambo ambalo si la kiufundi. Iliondoa mashindano. Wizara ya Fedha haikuweza kujitetea kwamba hadhi yake inadai kitu kikubwa zaidi kinachohitaji mkopo na mshauri elekezi kutoka nje. Hadhi iliahirishwa, kazi ikaendelea. Wanaosema majengo yale ya awali hayana sura wamesema kweli, na sura ndiyo iliyokuwa imewakalisha watu Dar es Salaam.

Tulichokilipia

Sasa upande wa pili wa hesabu, maana si haki kuisifu Mtumba nusu.

Kwanza, tumelipa mara mbili. Kuanzia 2021 ilianza awamu ya pili: majengo ya ghorofa ya wizara, makubwa, yenye vioo, yakisimama jirani na nyumba zile za chini. Mkaguzi mwenye roho ngumu atauliza kwa nini tusingejenga ghorofa moja kwa moja. Jibu langu ni kwamba ile bilioni ya kwanza ilinunua muda. Wizara iliyokwisha kufika husimamia jengo lake kwa macho. Iliyoko mbali husubiri ripoti ya maendeleo. Linganisha na gharama ya kila msimu wa bajeti ya magari, posho na nyumba za wageni, kwa zaidi ya miaka 20 tangu Bunge lihamie, na ile nyumba ya chini haionekani tena kuwa ya anasa.

Pili, na hapa sina utetezi, tumeutupa mji wa kutembea. Ramani ya 1976 iliziweka ofisi katikati ya makazi na njia ya mabasi. Mtumba imeziweka ofisi porini kisha ikasubiri makazi yazifuate. Mtumishi anayekaa Kikuyu au Kizota anavuka mji mzima kila asubuhi. Mwenye gari anapita. Asiye nalo anapanda daladala, pengine mbili, na akishashuka barabarani bado ana mwendo juani mpaka mlangoni. Mwananchi kutoka Kondoa au Mpwapwa aliyekuja kufuatilia jambo lake wizara mbili kwa siku moja ndiye anayeujua ukubwa wa ekari 1,500. Viwanja ni vipana, maegesho ni mapana, barabara za ndani ni pana. Kivuli ni kichache. Katika nchi ya jua na upepo kama hii, upana huo unamfaa mwenye kiyoyozi.

Jambo hili lingeweza kuepukwa bila kupoteza kasi. Nyumba za chini zilezile, kwa bilioni ileile, zingeweza kupangwa karibukaribu zikizunguka nyua, na baraza zilizoezekwa zikiziunganisha ili mtu atoke wizara hii hadi ile bila kupigwa na jua. Wajenzi wa tembe walijua kwamba nyumba ikimpa jirani yake ukuta, wote wawili wanapata kivuli. Sisi tulichukua kimo cha tembe tukauacha mpangilio wake. Kila wizara ikasimama katikati ya kiwanja chake.

Tatu ni Ikulu ya Chamwino, iliyozinduliwa Mei 2023, mashariki zaidi ya Mtumba. Imejengwa kwa kufanana na Ikulu ya Dar es Salaam, yenye matao na kuta nyeupe. Ikulu ya Dar es Salaam ilianza kama makao ya gavana wa Kijerumani, ikapigwa mizinga na Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kisha ikajengwa upya na Waingereza hao na kukamilika 1922, kwa mtindo uliochota matao ya pwani ili kupitisha upepo wa bahari. Naelewa sababu ya kuiiga: Watanzania wameizoea sura ile kama sura ya dola, na mwendelezo una thamani yake. Lakini upepo wa Chamwino ni mwingine. Kwenye jengo lililo muhimu kuliko yote, nchi iliyohama pwani ilibeba pwani mgongoni. Ukiniuliza, ofisi za awali za Mtumba, pamoja na ukavu wake wote, ni za Dodoma zaidi.

Ramani haijafungwa bado. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma, karibu mara mbili ya 2012, na sehemu kubwa ya ujenzi mpya inaelekea mashariki, Nzuguni na Ihumwa, kuziba pengo kati ya mji na wizara. Barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112.3 inatoka Nala, inapita Veyula na Mtumba hadi bandari kavu ya Ihumwa, kisha inarudi Nala kwa njia ya Matumbulu. Reli ya kisasa imekuwa ikileta abiria kutoka Dar es Salaam tangu Julai 2024. Mtumba iliyoanza kama ukingo wa jiji inasogea kuwa katikati ya upande wake wa mashariki. Viwanja vilivyo wazi baina ya wizara na wizara bado ni vya serikali, na upana wake unatosha kuingiza nyumba za watumishi, maduka, miti na njia ya mabasi kama ile iliyochorwa Toronto. Nafasi hiyo itaendelea kuwapo mpaka siku itakapokatwa kuwa maegesho zaidi ya magari.